UZI: Naandika riwaya ya vijana kuhusu malaika, mandhari ni Mikindani na Newala. Karibuni tuijadili

#1 MwanaForodhani

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye chai yake na avute kiti.

Mimi ni mtu wa Mikindani, nimezaliwa na kukulia pale chini panapotazamana na ghuba. Tangu mwaka juzi naandika riwaya ya vijana. Ni ya mambo ya ghaibu: malaika, binti wa miaka 17, na lile swali ambalo kila kijana wa umri huo hulala nalo na kuamka nalo, nimeletwa duniani kufanya nini. Nimeandika, nikafuta, nikaandika tena. Nimefika mahali nahitaji macho ya watu wengine, hasa watu wa Kusini.

Niwaeleze kwanza nilikoanzia. Wapwa zangu wanasoma sana hadithi za malaika kwenye simu, wanatumiana kila siku. Nyingi asili yake ni Marekani, na ukisoma kumi utaona mifupa ni ile ile. Msichana mpweke wa miaka 16 au 17 anahamia shule mpya. Anakutana na kijana mzuri mwenye siri. Kumbe kijana ni malaika aliyeanguka, na kumbe msichana mwenyewe nusu ya damu yake ni ya kimalaika. Siku ikifika mabawa yanachomoza na anaambiwa kazi aliyozaliwa kuifanya. Sizibezi hata kidogo. Zinamwambia kijana aliyejiona si kitu kwamba yeye ni kitu, na kuna usiku ambao mtoto hahitaji neno jingine zaidi ya hilo.

Basi na mimi nikaandika hivyo hivyo. Shule ya bweni Mtwara mjini, kijana mgeni, mabawa, mapenzi. Kurasa 90. Nikampa mpwa wangu wa kike asome. Alinirudishia baada ya siku mbili akasema: "Mjomba, ni nzuri, lakini hawa watu si wa hapa. Wamevaa sare za hapa tu."

Neno lile lilinikaa. Nikaanza kuuliza zile hadithi zimetoka wapi. Mbegu yake ni aya chache za Mwanzo sura ya 6, wana wa Mungu waliowatamani binti za wanadamu na kuzaa nao, na majitu yaitwayo Wanefili. Kitabu cha Henoko kikaja kuipanua: malaika 200 wanashuka juu ya Mlima Hermoni, wanakula kiapo, wanaoa, wanawafundisha watu kufua panga na visu, kujipamba na kusoma nyota. Na hapa wakuu naomba msimame kidogo. Kitabu hicho kizima kilihifadhiwa Ethiopia, kwa lugha ya Kigeezi, na kanisa lao mpaka leo linakihesabu ndani ya Biblia. Ulaya kilikuwa kimepotea, yamebaki mapande tu, mpaka msafiri wa Uskoti, James Bruce, alipowapelekea nakala tatu mwaka 1773. Kwa hiyo mti ambao matunda yake tunauziwa leo ulitunzwa na Waafrika, na watawa wao, kwa mkono, karne kwa karne.

Hilo lilinipa moyo, ila halikunipa riwaya. Mikindani malaika si kijana wa kupendana naye. Mtoto wa kwetu anamjua malaika kabla hajajua kuandika jina lake. Chuoni anafundishwa kwamba wameumbwa kwa nuru, hawali, hawachoki, hawaasi. Kuna Jibrili wa wahyi, Mikaili wa mvua na riziki, Israfili wa parapanda, na yule wa kutoa roho. Na mabegani mwake mwenyewe wamekaa wawili, kulia na kushoto, na kalamu.

Kisha bibi yangu akanipa ufunguo bila kujua. Umeme umekatika, tumekaa barazani, anasimulia habari za kaka yake aliyekwenda baharini asirudi. Katikati ya maneno akanyamaza, akajipapasa mkono, akasema: "Ona, malaika yamenisimama." Ni vile vinywele laini vya mwilini. Kimoja laika, vingi malaika. Kamusi zinayatenganisha maneno haya mawili: malaika kiumbe tumempokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni mjumbe, aliyetumwa, malaika ya mkononi ni mambo mengine. Bibi hakutenganisha kitu. Kwake aliyetumwa akipita karibu, mkono ndio unaojua kwanza.

Nikaandika upya kuanzia hapo. Binti anaitwa Somoe. Amemaliza kidato cha nne, anangoja matokeo. Tangu alipovunja ungo anasikia kalamu za wale wawili kwenye mabega ya watu, zinavyokwaruza. Anasikia kila mtu anavyoandikwa.

Na nimeshikilia jambo moja ambalo ndilo uti wa mgongo wa riwaya: malaika hatafuti kusudi lake. Ametumwa, anakwenda. Anayetangatanga ni mtu. Kwa hiyo hakuna malaika wangu atakayejitafuta, na hakuna mabawa yatakayomwotea Somoe.

Kuhusu mandhari. Mikindani ni mji wa watu waliopita. Majahazi yalipita, watumwa walipitishwa, Livingstone alianzia hapa mwaka 1866 safari yake ya mwisho, Wajerumani wakajenga boma mwaka 1895, nao wakapita. Nataka hadithi moja ambayo mtu wa Mikindani hapiti.

Naombeni mniambie palipo na udhaifu. Na waliosoma dini mniambie kama nimevuka mpaka, maana sitaki kuandika kitu ambacho bibi hawezi kusomewa.

#2 MsafiriLindi

Natia nanga hapa. Mtwara kuchele!

#3 UstadhWaChikongola

Assalaam alaykum ndugu yangu wa Mikindani, na salamu kwa wote.

Nimesoma mara mbili. Hilo la malaika kutokuwa na hiari umelishika vizuri, na mimi nalitia mkazo. Katika Qurani, sura ya Tahrim, aya ya 6, wametajwa kuwa hawamuasi Mwenyezi Mungu kwa anayowaamrisha. Ndiyo maana "malaika aliyeanguka" kwetu hana mahali pa kukaa. Iblisi ametajwa wazi katika Kahf, aya ya 50, kwamba alikuwa miongoni mwa majini. Na Haruti na Maruti wa Babeli, katika Baqara aya ya 102, hawakumfundisha mtu mpaka kwanza wamwambie sisi ni mtihani, usikufuru.

Ila nina neno juu ya Somoe. Umempa kusikia kila dhambi ya kila mtu. Ndugu yangu, hiyo si zawadi, hiyo ni fedheha kwa mji mzima. Aibu ya mja imesitiriwa. Hata malaika wenyewe walipoulizwa majina ya vitu walijibu kwamba hawana ujuzi ila waliofunzwa. Wao hawakuyajua, binti wa kidato cha nne atajuaje ya kifuani mwa jirani? Na utamfanya nini akishajua? Atachukia watu. Mimi nafundisha watoto, najua: mtoto ukimjulisha makosa ya wakubwa mapema hapati busara, anapata kiburi.

Itazame tena ile habari ya Baqara kuanzia aya ya 30. Mola anawaambia malaika ataweka khalifa duniani. Wanauliza, utamweka atakayefanya uharibifu na kumwaga damu? Wao walimjua mwanadamu kwa uharibifu wake. Halafu Adamu akafunzwa majina. Kama unatafuta mahali mwanadamu alipopewa kazi mbele ya malaika, ni pale. Alipewa majina, hakupewa orodha ya makosa ya wenzake.

#4 MwanaForodhani

Waalaykum salaam ustadhi. Umenipiga mahali pake. Kwa kweli nilikuwa nimeshaandika sura nne na katika zote Somoe anawadharau watu, na nilikuwa sijui kwa nini simpendi. Sasa nimejua. Nipe muda.

#5 Mwalimu_Ndanda

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi nafundisha huku Ndanda, chini ya milima, jirani na abasia. Naomba kuleta upande wa Kanisa, maana vijana wa riwaya hii watakuwa wa Masasi na Ndanda pia.

Kwenye Biblia yetu Wakatoliki kuna kitabu cha Tobiti, ambacho ndugu zetu Waprotestanti hawakihesabu. Kwangu mimi hakuna hadithi ya kijana na malaika inayoipita. Mzee Tobiti amepofuka na amefilisika. Anakumbuka fedha alizoziweka amana mbali, anamtuma mwanawe Tobia akazidai. Kijana hajui njia. Anatoka nje kutafuta mtu wa kumsindikiza na anampata kijana aliyesimama tu pale, kama vibarua wanavyosimama. Wanapatana ujira, drakma moja kwa siku. Yule ni malaika Rafaeli, na Tobia hajui safari nzima. Wanaondoka wawili, na mbwa anawafuata.

Mtoni Tigri samaki mkubwa anamrukia Tobia. Rafaeli hamkamati kwa niaba yake. Anamwambia: mkamate wewe, umpasue, tunza nyongo, moyo na ini. Ile nyongo ndiyo inayokuja kumponya baba macho mwishoni. Waliporudi, Tobia na baba yake wakataka kumpa msindikizaji nusu ya mali yote waliyoileta, ndipo akajitambulisha. Na ustadhi, hapa utafurahi: anawaambia kwamba siku zote walizomwona anakula, hakuwa anakula. Yalikuwa maono tu.

Nikiwasomea wanafunzi wangu, darasa linatulia kuliko nikifundisha jambo lolote. Tobia hakuambiwa "wewe ni mteule". Aliambiwa nenda kadai deni la baba yako. Alikuwa na njia, samaki, mbwa, na mtu wa kutembea naye.

MwanaForodhani, wewe ni mtu wa pwani, umekulia kwa wavuvi. Samaki huyo ni wako kabla hajawa wetu wa bara.

#6 MchongajiMtwara

Njomba, uzi mzuri, lakini nauliza. Mbona Somoe wako hana unyago? Sisi Wamakonde swali la "nimekuja kufanya nini duniani" tulilipa nyumba yake zamani. Mtoto anatolewa kwao, anakaa na wenzake, anafundwa, anarudi na jina jipya. Lipiko, yule mchezaji wa kinyago, linatoka, watoto wadogo wanakimbia, aliyefundwa hakimbii. Siwezi kusema yote hapa, wenyewe mnajua.

Na mkono wangu unajua jambo jingine. Kwenye mpingo, viumbe vya ghaibu tulivichonga kabla hujafikiria riwaya. Mtindo wa shetani, unaohesabiwa kuwa ulianzishwa na Samaki Likankoa miaka ya 1950, una jicho moja, mdomo pembeni, tumbo limetoboka. Malaika sijawahi kumchonga. Nimejaribu mara mbili, kila mara anatoka mtu. Sijui kwa nini nakwambia hivi, labda utakifanyia kazi.

#7 MwanaForodhani

Nitakifanyia kazi njomba. Jina Somoe nililichagua kwa sababu hiyo, somo ndiye anayemshika mwari mkono, ila kweli ndani ya hadithi nilikuwa sijaweka hata siku moja ya unyago. Na hilo la "kila mara anatoka mtu" nimeliandika ukutani.

#8 BintiNewala

Shikamooni. Mimi si mwandishi, nasoma tu. Nina miaka 19. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, mama akanirudisha kwa mjomba huku Newala. Hizo hadithi za malaika nilizisoma karibu zote. Sasa siwezi tena.

Nitawaambia sababu. Kwenye vitabu vile kusudi linakuja na mabawa. Msichana hafanyi kitu, anakaa, wanakuja kumwambia kwamba yeye ndiye. Mimi nilikaa. Hakuja mtu. Asubuhi naokota korosho, naitoa kwenye bibo lake, naanika, naichambua, najaza gunia la katani, tunapeleka chama cha msingi, inapimwa, tunapewa karatasi tunangoja mnada. Miezi ya njaa watu wa kangomba wanapita, wanatoa hela kidogo sasa hivi kwa korosho ambayo bado ni ua. Wanaokubali si wajinga, wana watoto. Haya ndiyo maisha yangu na hakuna hata ukurasa mmoja niliowahi kusoma wenye malaika na korosho.

Halafu kuna kitu sijamwambia mtu. Msimu uliopita nilikuwa nyuma ya foleni kwenye chama kimoja, sitakitaja. Mbele yangu mama mmoja mjane. Niliona mizani. Niliona na alichoandika karani. Havikufanana. Yule mama hajui kusoma. Alikunja karatasi akashukuru akaenda zake. Mimi nilinyamaza, maana karani ni mtu mkubwa na mimi ni mtoto wa kike niliyefeli. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile namba.

Kwa hiyo swali langu kaka: Somoe wako akiona kitu kama kile, malaika wanamsaidia nini?

#9 MwanaForodhani

Mdogo wangu, nimesoma ujumbe wako jana usiku na leo sijaweza kufanya kazi nyingine. Sina jibu la haraka na sitakupa la uongo. Naomba ruhusa yako jambo hili liingie kwenye riwaya, bila jina lako wala mahali.

Ustadhi, Mwalimu, nisaidieni. Swali la binti huyu ndilo swali la kitabu chote.

#10 UstadhWaChikongola

Binti yangu wa Newala, marahaba, na Mungu akupe kheri. Kunyamaza kwako kumekuuma, na moyo uliokufa hauumi.

MwanaForodhani, fungua msahafu uone jambo ambalo mimi mwenyewe nimelisoma miaka mingi na leo ndipo limenikaa. Waandishi watukufu, wale wa mabegani, wametajwa katika Infitar, sura ya 82, aya ya 10 mpaka ya 12. Sura inayofuata mara moja, ya 83, ni Mutaffifin. Inaanza kwa ole kwa wanaopunja vipimo, ambao wakijipimia wanataka kitimie, wakiwapimia wengine wanapunguza. Kalamu, kisha mizani. Ndivyo zilivyopangwa.

Na kuna la pili. Yapo mapokezi kwamba mja akitenda kosa, malaika wa kushoto huinua kalamu yake kwa saa sita. Akijuta na kuomba msamaha, haliandikwi. Asipojuta, linaandikwa moja. Watoto wangu chuoni hulipenda hili kuliko mengine yote, wananiuliza saa zinaanza kuhesabiwa lini.

Umeona ninakokwenda? Ulimpa Somoe kusikia kalamu ikiandika. Mpokonye hilo. Asisikie neno lolote, asijue nani wala nini. Abaki na mkono wa bibi yako tu.

#11 Mwalimu_Ndanda

Na Methali 11:1, mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Binti, nakusalimu. Mtu aliyemwona Tobia akiondoka na mbwa wake kwenda kudai deni asingedhani kuna habari yoyote pale.

#12 BintiNewala

Ruhusa nimetoa. Sharti ni moja, Somoe aogope kweli. Na yule karani asiwe mtu mbaya tu. Wa kwetu alikuwa anacheka na watoto.

#13 MwanaForodhani

Wakuu, imepita wiki tatu. Nimefuta zile sura nne. Somoe sasa hasikii kitu. Ila kalamu ya kushoto ikiinuliwa popote karibu naye, malaika ya mikono yake yanasimama, na yanabaki yamesimama mpaka saa sita zitimie au mtu ajute. Hajui ni nani wala amefanya nini. Anajua tu kwamba bado kuna muda. Sheria ni hiyo moja.

Karani nimemfanya mjomba wake. Watu wa Kusini mnaelewa uzito wake: kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayesema. Kipande hiki hapa, ni cha sura ya tatu.

*Wingu lilikaa juu ya Newala tangu alfajiri, na kila mwenye gunia alitaka lipimwe kabla mvua haijashuka. Somoe alikuwa nyuma ya meza, akimkatia mjomba karatasi. Mjomba aliandika kwa mwandiko mzuri, akiwatania watoto waliopanda juu ya magunia.*

*Ikafika zamu ya Mama Zuhura na gunia lake moja. Mshale ulitetemeka, ukatulia kwenye 84. Mjomba akaandika 74.*

*Somoe hakuwa na hakika ameona. Alikuwa na hakika ya mikono yake. Malaika yalisimama kuanzia vifundoni mpaka mabegani, na joto lilikuwa la kumtoa mtu jasho. Pakawa na kimya ndani ya zile kelele, kama cha mtu aliyenyanyua kitu na hajaamua kukishusha. Saa ya ukutani ilikuwa tano na dakika kumi.*

*"Ahsante baba," Mama Zuhura alisema, akiifunga karatasi kwenye pindo la khanga. "Mungu akuzidishie."*

*Mchana Somoe alimpelekea mjomba ugali na kisamvu. Alimnawisha mikono. Mikono hii ndiyo iliyomlipia ada miaka minne, ndiyo iliyomvisha viatu vya kwanza vya shule. Akasema, "Karibu mjomba," basi.*

*Saa tisa alikwenda Shimo la Mungu akasimama ukingoni. Chini yake nchi ilishuka ikaenda mbali, kuelekea Ruvuma na Msumbiji. Aliomba atumwe mwingine. Aliomba kwa dhati, akataja na majina: mwenyekiti, imamu, yule mwalimu wa hesabu. Kisha akakaa kwenye jiwe akangoja. Walipita mbuzi na mvulana wao. Mvulana akamwamkia, akaenda zake.*

*Aliporudi lori lilikuwa limeshapakiwa. Saa kumi na nusu. Mjomba alikuwa anafunga daftari.*

*"Mjomba."*

*"Sema mama."*

*Alipiga magoti, kama alivyofundwa kusema na mjomba. Magoti yalitetemeka hata alipoyakaza sakafuni. "Mjomba, mstari wa saba. Mimi niliuona mshale kwenye themanini na nne. Labda sikuona vizuri."*

*Mjomba hakusema kitu. Nje dereva alipiga honi mara moja. Mjomba akalifungua daftari, akautazama mstari wa saba kwa muda mrefu kuliko namba moja inavyohitaji. Tone la kwanza la mvua likagonga bati.*

*Somoe hakuthubutu kuinua uso. Aliusikia mkono wa mjomba ukitafuta kalamu mezani. Akautazama mkono wake mwenyewe, malaika yakilala, kimoja kimoja.*

Naishia hapo kwa leo. BintiNewala, nisahihishe palipo na kosa.

#14 MchongajiMtwara

Njomba, kanitoka mtu tena. Ila safari hii sikumtupa.

#15 BintiNewala

Nimesoma kaka. Kosa ni dogo: wingu likiwa vile magunia hayakai wazi, yanafunikwa turubai, na watoto hawaruhusiwi kupanda juu yake. Mengine ni hivyo hivyo.

Na gunia la yule mama lilikuwa na kiraka cha kitenge, cha bluu, upande wa chini. Kiweke.